Baada ya Simba: nilivyotafuta mbwa wa kufanana na Jamani Shepadi

Simba alikufa mwezi wa nne mwaka jana, mvua ikipiga. Miezi miwili ya mwisho alikuwa anaburuta miguu ya nyuma mpaka kucha zikasagika kwenye saruji ya veranda, zikawa zinaacha michirizi ya damu, ikabidi nimvalishe soksi kuukuu za mwanangu na kuzifunga kwa kitambaa. Kila asubuhi ananiangalia na macho yaleyale ya zamani, masikio juu, tayari kutoka na mbuzi, halafu kiuno kinakataa. Alikuwa Jamani Shepadi (German Shepherd), miaka saba tu.

Tangu hapo watu wameniuliza sana, hapa Bombo na hata kule Kampala, ati nataka mbwa kama Jamani Shepadi lakini asiwe na yale matatizo, nichukue gani? Na mimi mwenyewe swali hilo nimetembea nalo karibu mwaka mzima, nimepiga simu, nimepanda taksi, nimesimama kwenye mabanda ya watu nikiangalia mbwa wa kila rangi. Sasa nimepata wangu na ameshakaa nyumbani misimu miwili ya mvua, kwa hiyo naona naweza kuongea.

Kwanza mjue naishi vipi maana bila hiyo maneno yangu hayatawasaidia. Tuko pembeni ya Bombo, barabara ya kwenda Gulu, kama kilomita 35 kutoka Kampala. Ekari tatu, mbuzi arobaini na kitu, kuku wa mama, na jirani yetu Hajji ambaye muhogo wake umepakana na malisho yetu bila uzio wowote, mpaka ni mfereji tu. Usiku kuna wezi wa mbuzi, wanakuja na pikipiki, wanamfunga mbuzi mdomo, wanamkalisha katikati ya watu wawili kama abiria na wameondoka. Kwa hiyo nahitaji mbwa wa kazi mbili, mchana mbuzi, usiku boma.

Na sisi ni Wanubi, Waislamu, najua kuna watakaosoma hapa wakashangaa mbwa anafanya nini kwetu. Mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba ameruhusiwa, hilo limesemwa wazi kwenye hadithi za Mtume, anayekatazwa ni wa kufuga bila kazi. Wa kwetu haingii ndani, ana sahani yake, na akilamba chombo tunakiosha mara saba, moja kwa udongo. Mama yangu alikubali Simba kwa masharti hayo na akaja kumpenda kuliko sisi wote, ingawa mpaka leo hatamki neno kupenda, anasema tu "yule alikuwa anajua kazi yake."

Nirudi kwenye swali. Ukitaka mbwa wa kufanana na Jamani Shepadi lazima ujue Jamani Shepadi alitengenezwa afanye nini, na wengi hatujui. Tunaona polisi, tunaona meno, tunaona yale masikio. Kumbe mbwa huyu ni wa kondoo. Mwaka 1899 kule Ujerumani afisa mmoja wa jeshi, Max von Stephanitz, alimwona mbwa wa wachungaji kwenye maonyesho akamnunua papo hapo, akambadilisha jina akamwita Horand von Grafrath, akaanzisha chama, na Horand ndiye akawa wa kwanza kuandikwa kwenye daftari la ukoo. Wazee wa hapa kwetu bado wanasema Alseshani, Hajji ndivyo anavyomwita, na hilo jina ni la Waingereza, baada ya vita kuu ya kwanza hawakutaka kusikia kitu chochote cha Mjerumani wakambandika mbwa jina la Alsace, na kwao jina la Jamani Shepadi lilirudi rasmi 1977. Mbwa ni yuleyule.

Lakini kitu kilichonigusa zaidi ni namna alivyokuwa anachunga. Kule walikuwa wanalisha kondoo kwenye vipande vya majani katikati ya mashamba ya watu, huku ngano, huku viazi, hakuna ua. Mbwa kazi yake ilikuwa kuwa ua. Anatembea kwenye mstari wa mpaka, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi, kutwa nzima, kondoo akivuka mstari anarudishwa, asipovuka anaachwa ale kwa amani. Si kama Border Collie, yule mbwa wa kondoo wa Uingereza, anayekimbia mbali kuwazunguka kondoo na kuwaletea mchungaji huku amewakazia macho. Huyu ni mlinzi wa mstari. Na mtu anayelinda mstari mchana wa kondoo, usiku akilinda mstari wa nyumba ni kazi ileile, ndiyo maana uchungaji na ulinzi vimekaa kwenye mbwa mmoja.

Nilivyosoma hivyo nilinyamaza kwa muda, kwa sababu Simba alikuwa anafanya hivyohivyo na hakuna mtu aliyemfundisha. Kwenye mfereji wa Hajji alikuwa amechimba kinjia kwa miguu yake, kipana kama kiganja, majani hayakuota. Alikuwa anapita pale ulimi nje, hambughudhi mbuzi hata mmoja, ila ukiona mbuzi kanyoosha shingo kwenye muhogo tu, Simba yuko pale, anaweka bega. Hang'ati. Anaweka bega. Kile kinjia bado kipo mpaka leo.

Kwa hiyo mtu akiniambia nataka mbwa kama Jamani Shepadi, namuuliza unataka nini chake. Sura? Ulinzi? Au hiyo akili ya kulinda mstari na kukusikiliza wewe unasema nini? Maana kila mbwa nitakayemtaja hapa anafanana naye upande mmoja na upande mwingine yuko mbali kabisa.

Na niseme nilipokosea. Simba nilimnunua Kampala akiwa na wiki nane, laki nane, nilimpenda kwa vile mgongo wake ulivyokuwa unateremka nyuma, nikaona ndiyo mbegu safi hii. Sikuuliza nyonga za mama yake, sikuuliza za baba. Nyonga za mbwa hawa ndiyo shida yao kubwa, kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kikae ndani ya kikombe vizuri, kikombe kikiwa kifupi mfupa unachezacheza, unasaga, mbwa anaanza kuruka kama sungura, miguu miwili ya nyuma pamoja. Simba alianza hivyo akiwa na miaka minne. Ni kitu cha kurithi kwa sehemu kubwa, na wazalishaji makini huko nje hawazalishi mbwa kabla hajapigwa X-ray. Mwishoni daktari wa mifugo aliniambia nyonga zimeharibika kitambo, na juu ya hiyo anashuku ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaoua mishipa polepole bila maumivu kuanzia miguu ya nyuma, nao Jamani Shepadi wanao sana, nao ni wa ukoo. Nilikuwa naweza kuuliza kabla. Sikuuliza, na aliyelipa ni Simba.

Basi nikaanza kutafuta.

Rotwaila ndiye wa kwanza kila mtu anayekutajia hapa Uganda. Na kweli asili yake ni ya mifugo, alikuwa anaswaga ng'ombe wa wachinjaji wa mji wa Rottweil kupeleka sokoni na kuvuta mikokoteni yao, mpaka treni zilipokuja zikamnyang'anya kazi akabaki karibu kupotea, halafu polisi wakamwokoa mwanzoni mwa karne ya 20. Nilikwenda kumwona mmoja Entebbe kwa rafiki yangu. Mbwa mtulivu sana, anakaa mlangoni kama gunia la mchele, akisimama unaelewa. Kwa ulinzi sina neno. Lakini dume anafika kilo 50 na zaidi, kula yake ni kama ya mtu mzima, na saa saba ya mchana yuko chini ya gari anahema, mweusi karibu mzima, jua la kwetu anaogopa. Na shida ya nyonga naye anayo. Mimi nataka wa kutembea mfereji kutwa. Kama wewe una nyumba, geti na watoto wakubwa, na mfuko wako unaruhusu, mchukue huyu na usihangaike zaidi.

Boerboel wa Afrika Kusini nilimwona mara moja tu, ni simba kabisa, mbwa wa kulinda mashamba ya Makaburu, wengi wanapita kilo 60. Niliangalia nikashukuru nikaondoka. Dobamani nilimwacha mapema kwa sababu si mbwa wa mifugo, kule Apolda Ujerumani alianzishwa na mkusanya kodi aliyetaka mlinzi wa kutembea naye, na ugonjwa wa moyo unawaondoa wengi wakiwa bado na nguvu. Sikutaka kuzika tena mbwa kijana.

Aliyeniumiza kichwa ni Kangal, yule wa Uturuki. Kuna shirika la kulinda duma kule Namibia, Cheetah Conservation Fund, tangu 1994 linawapa wafugaji mbwa wa jamii hiyo wakae na mbuzi, ili duma asishambulie na mfugaji asiue duma. Nilitaka sana iwe ndiyo jibu langu. Ila ukiangalia vizuri yule ni kazi tofauti. Kangal hachungi. Anakua na mbuzi toka mtoto, analala nao, anajiona ni wa kwao, adui akija anasimama mbele. Mbuzi wakienda kwenye muhogo wa Hajji naye anaenda nao, anawalinda wanavyokula muhogo! Na haamui kwa kukusikiliza wewe, anaamua mwenyewe, hiyo ndiyo sifa yake, huko milimani mchungaji yuko mbali nani atampa amri. Kwa mtu wa Karamoja au wa Nakasongola mwenye malisho makubwa na fisi wa usiku ningesema fikiria. Kwangu hapana.

Beauceron wa Ufaransa kwa maandishi ndiye aliyekaribia kila kitu, mchungaji na mlinzi, mwili mkubwa, nywele fupi, ana kucha mbili za ziada kwenye kila mguu wa nyuma. Hapa sikumpata. Mchungaji wa Kiholanzi mwenye michirizi kama chui milia naye hivyohivyo.

Mama muda wote huu alikuwa na jibu lake. "Chukua wa hapa kijijini. Huyo kupe hamuui." Na ana hoja, mbwa wetu wa kienyeji wamechujwa na magonjwa ya hapa vizazi na vizazi, miguu yao ni chuma, wanakula kinachopatikana. Nimefuga wawili nikiwa kijana. Wanabweka vizuri, usiku hawalali. Ila kutulia kwenye mstari na kusikiliza mtu kutwa nzima, wale niliowafuga hawakuwa na hiyo, mbuzi walikuwa wanawafukuza kwa raha zao mpaka wanamtoa mbuzi mimba. Chotara wa kienyeji na Shepadi nilimtafuta kwa bidii, nikaona watatu, wawili waoga, wa tatu mwenyewe akakataa kumuuza. Namwelewa.

Sasa nifike kwa Malinwa (Malinois).

Malinwa ni Mbelgiji, jina limetoka mji wa Mechelen, ambao kwa Kifaransa wanauita Malines. Mwaka 1891 profesa mmoja wa mifugo, Adolphe Reul, alikusanya mbwa wa wachungaji wa Ubelgiji kuangalia kama wana asili moja, wakatoka na kundi ambalo leo lina aina nne, Malinwa ndiye mwenye nywele fupi. Kwa hiyo ni binamu wa karibu wa Jamani Shepadi, wamezaliwa kipindi kimoja, kazi moja. Rangi ya mchanga, uso mweusi kama amepakwa masizi, dume kilo 25 mpaka 30 tu. Mgongo umenyooka. Nyonga mbovu zipo, ila ni chache kuliko za Jamani Shepadi. Majeshi na polisi wa nchi nyingi wamehamia kwake.

Lakini ndugu zangu, hapa ndipo nataka mnisikilize sana, kwa sababu naona watu wa mjini wanamnunua kama nguo. Nina rafiki yuko Nansana, ploti ya futi 50 kwa 100, alimleta Malinwa wa miezi miwili. Anatoka kazini saa moja usiku. Mbwa alivyofika mwaka mmoja alikuwa ametafuna mlango wa stoo mpaka kitasa kikaanguka, anazunguka kwenye banda lake duara moja, duara moja, masaa, sakafu imeng'aa. Nilisimama nikimwangalia akizunguka na nilijua nimeona nini. Ni kile kinjia cha Simba, ila hakina mbuzi wala muhogo, ni mstari usiolinda kitu. Huyo mbwa hakuwa mbaya. Alikuwa hana kazi. Kama huna saa mbili kamili kila siku za kumchosha mwili na kichwa, tafadhali usichukue Malinwa, hata wa bure.

Mimi kazi ninayo, mfereji ninao. Ila niliogopa mtoto wa mbwa, maana Simba alinifundisha kwamba kitoto cha wiki nane ni bahati nasibu, hujui nyonga, hujui roho yake. Ndipo mtu mmoja anayefundisha mbwa wa kampuni ya ulinzi Kampala akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Akasema, "Hajji mdogo, kwa nini unatafuta mbegu? Tafuta mbwa. Mimi hapa nina jike wa miaka miwili na nusu, amekataliwa."

Amekataliwa kwa nini? Kwa sababu akimkamata mtu kwenye ile mikono ya gunia ya mazoezi, anakamata vizuri, halafu mtu akitulia anaachia, anarudi nyuma hatua mbili na kumwangalia mwalimu. Wao wanataka ang'ang'anie. "Ni mwerevu, lakini hana hasira," akaniambia. Mimi moyo ukadunda. Anayeachia mtu akitulia, huyo si ndiye anayeweka bega?

Niliomba nikae naye wiki moja kabla ya kulipa, wakakubali. Jina lake Roksi, nikaliacha hivyohivyo. Mgeni siku mbili, ya tatu nikamtoa kwa mbuzi, kamba ya mita kumi, mkono wangu umeshika vizuri. Dakika kumi za kwanza alikuwa anatetemeka mwili mzima, si kwa woga, ni kama injini imewashwa. Alitaka kukimbilia kila mbuzi. Nilikaa kimya, nikawa natembea tu kwenye kile kinjia cha Simba, kwenda na kurudi, yeye ubavuni. Siku ya pili hivyo. Siku ya tatu alfajiri, mbuzi jike mmoja mwenye madoa, yule mkorofi, kanyoosha mguu kuvuka mfereji, na Roksi akatoka ubavuni mwangu bila kuambiwa, akaenda akasimama mbele yake. Kichwa chini kidogo. Hakubweka. Yule mbuzi akafikiri, akarudi. Roksi akageuka kuniangalia kwamba, ni hivi?

Nikamwambia ni hivyo. Nikakaa chini kwenye umande nikalia, sioni aibu kusema.

Sitawaambia yote yamekuwa rahisi. Ni mwepesi kupita Simba, kila kinachokimbia anataka kukidaka, na mwezi wa kwanza alimbana mwanangu kisigino akiwa anakimbilia mpira, hakutoa damu, lakini nilisimamisha kila kitu. Wiki tatu mtoto na mbwa hawakuachwa pamoja bila mimi, na tukamfundisha kulala chini watoto wakicheza. Mpaka leo sina imani kamili kwenye hilo na nadhani sitakiwi kuwa nayo. Mvua za mwezi wa tisa kupe wakampa homa, mkojo ukawa rangi ya kahawa, ufizi mweupe, tukamkimbiza kwa musawo, yaani daktari, usiku juu ya boda nimempakata kwa shuka, akachomwa sindano akapona. Mama hakusema "nilikuambia", ila kila jioni baada ya swala ya magharibi namkuta ameleta kigoda karibu na banda, ananionyesha kwa kidole, angalia na katikati ya vidole, angalia ndani ya sikio, huko ndiko wanakojificha. Yeye hamgusi. Anaonyesha tu.

Chakula ni posho (ugali) na mukene (dagaa), na mara mbili kwa wiki mapafu na vichwa kutoka bucha, vilivyochemshwa vikaiva, usimpe mapafu mabichi kwa sababu ya minyoo. Ana kilo 22, anakula kama nusu ya yule Rotwaila wa Entebbe.

Wezi walikuja mara moja toka awepo. Nilisikia kubweka kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kufupi kufupi, nikatoka na tochi, pikipiki ikawa inaondoka bila taa. Alikuwa amesimama kwenye mfereji. Hakuvuka.

Juzi Hajji alikuja, akakaa, akanywa chai, akazungumzia bei ya muhogo mpaka chai ikaisha. Halafu akauliza, "Huyu Alseshani wako mwembamba, atazaa lini? Niwekee mmoja." Nikamwambia Hajji, kwanza Alhamisi apigwe picha ya nyonga Kampala, na dume nitakayemtafuta naye apigwe, na zikitoka mbaya hatazaa, nitamfunga kizazi. Akaniangalia. Akasema picha ya mbwa, banange. Nikamletea ile soksi moja ya Simba iliyobaki, bado ina damu iliyokauka kwenye kidole, nikamwekea mkononi.

Ameishika muda mrefu. Kisha akauliza picha yenyewe shilingi ngapi, na kama dereva wa pikapu tayari nimeshampata kwa siku ya Alhamisi.